Mitishamba wakati wa kemo: kipi kinapunguza madhara, kipi kinaharibu tiba

MfamasiaZamu

Wakuu, salaam. Mimi ni mfamasia. Kazi yangu ni kuandaa dawa za saratani, yaani kemo, na kuwaelekeza wagonjwa na ndugu zao kabla mgonjwa hajatundikiwa dripu. Kuna swali ambalo huwa naulizwa kwa sauti ya chini, daktari akishaondoka: "Dokta, nyumbani tuna dawa ya kienyeji, tumpe?" Na hao wanaouliza ndio wachache. Wengi wanampa kimyakimya, sisi tunakuja kushtuka vipimo vya ini vikipanda au damu ikigoma kupanda, na hakuna anayesema mgonjwa anakunywa nini.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Sipingi mitishamba. Ipo inayosaidia kweli kupunguza adha za kemo, na nitaitaja. Ninachopinga ni mgonjwa kupewa kitu ambacho anayemtibu hakijui.

Tuanze na kemo yenyewe. Dawa nyingi za kemo hushambulia chembe zinazogawanyika haraka. Saratani ni hivyo, lakini mizizi ya nywele nayo iko hivyo, na utando wa mdomo na utumbo, na uboho unaotengeneza damu. Ndiyo maana nywele zinanyonyoka, mdomo unatoka vidonda, na chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zinashuka. Kichefuchefu kina njia yake: dawa inaufanya utumbo umwage kemikali iitwayo serotonini, ujumbe unafika kwenye sehemu ya ubongo inayoamuru kutapika. Ondansetron, dawa ya kuzuia kutapika mnayopewa, inaziba njia hiyo.

Sasa tangawizi. Hii ndiyo yenye ushahidi wa kueleweka kuliko zote. Marekani walifanya jaribio kubwa, matokeo rasmi yakachapishwa 2012, wagonjwa 576, wengi wao wanawake wenye saratani ya titi. Walipewa vidonge vya tangawizi siku tatu kabla ya kemo na kuendelea kwa jumla ya siku sita, huku wakitumia dawa zao za kuzuia kutapika kama kawaida. Kichefuchefu cha siku ya kwanza kilipungua. Waliofaidika zaidi ni waliopata nusu gramu au gramu moja kwa siku, na aliyepewa gramu moja na nusu hakuwazidi wenzake. Nusu gramu ya unga ni kama robo kijiko cha chai. Naomba mlishike hilo, maana huku kwetu mtu akisikia tangawizi inasaidia anasaga kilo nzima na kumywesha mgonjwa jagi.

Na niwe mkweli: majaribio mengine, hasa kwa wanaotumia dawa ya kemo iitwayo cisplatin, hayakuona tofauti. Kwa hiyo tangawizi inasaidiana na ondansetron, haichukui nafasi yake. Kama chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ziko chini, au mgonjwa anatumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, uliza kwanza, kwa sababu tangawizi nyingi inaweza kuchangia damu kuchelewa kuganda.

Upande wa madhara, tatizo kubwa ni ini. Ini ndilo linalovunjavunja dawa nyingi za kemo. Kuna miti inayolifanya ini lifanye kazi kwa kasi, dawa inatolewa mwilini kabla haijafanya kazi yake. Kuna mingine inalipunguza kasi, dawa inarundikana na kuwa sumu. Mgonjwa anaweza kujisikia nafuu kabisa, hana kichefuchefu, anakula, kumbe dawa haifanyi kazi. Hilo ndilo linaloniumiza.

Karibuni tujadili. Mwenye swali aulize, ila tutaje jina la mti na jina la dawa, tusizungumze kwa mafumbo.

Mwanaidi_Tanga

Asante sana dokta kwa uzi huu. Mama yangu yuko kwenye kemo ya titi, ile dawa nyekundu, doxorubicin. Kichefuchefu tumekimudu kwa tangawizi na limau, namtengenezea chai nyepesi asubuhi, anakunywa ikiwa vuguvugu maana harufu ya chai ya moto inamchefua. Shida iko mdomoni. Ulimi umetoka vidonda, hata uji unamuuma. Jirani ametuletea majani ya mwarobaini tuchemshe asukutue. Mwingine anasema asali. Tufanye lipi?

MfamasiaZamu

Pole sana Mwanaidi, mpe mama pole zangu. Anza na kitu rahisi kuliko vyote: kikombe cha maji safi ya uvuguvugu, robo kijiko cha chai cha bikabonati ya soda, chumvi kidogo sana. Asukutue na kutema, akishakula na kabla ya kulala, na katikati ya siku mara kadhaa. Nasema bikabonati, ile unga mweupe laini ya kuokea. Magadi ya kulainishia maharage hapana, yatamchubua. Dawa za kusukutua zenye kilevi nazo aziache. Mswaki uwe laini kabisa.

Asali ina ushahidi mzuri, ila zaidi kwa wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo. Huko wataalamu wa kimataifa wa vidonda vya mdomo wameiweka kwenye mwongozo wao kama njia ya kuvizuia. Kwa mama, akipenda, ajaribu kidogo, lakini iwe asali safi unayoijua ilikotoka, na muulize daktari kwanza siku ambazo chembe nyeupe ziko chini. Kama ana kisukari, aiache.

Mwarobaini kwa kusukutua na kutema siuogopi sana. Ninachoogopa ni kuumeza, halafu ule uchungu kwenye kidonda kibichi nao ni mateso ya bure. Ukiona utando mweupe mdomoni ambao ukifutwa unaacha wekundu, hao ni fangasi, mpeleke apewe dawa yake. Hakuna majani yatakayoutoa.

Kisiki

Mkuu nakuheshimu, ila nina hoja. Mimi ni mganga wa tiba asili, nimesajiliwa kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, baba yangu alikuwa mganga na babu pia. Nyinyi watu wa hospitali mnatuambia mitishamba ni hatari wakati hizo kemo zenyewe zimetoka kwenye miti. Leo mti ukiwa kwenye chupa ya kioo ni dawa, ukiwa kwenye kikapu changu ni sumu?

MfamasiaZamu

Mzee wangu Kisiki, hoja yako ni ya haki na nakujibu kwa heshima. Kweli kabisa. Vincristine inayotibu watoto wenye saratani ya damu inatoka kwenye yale maua madogo ya waridi na meupe yenye petali tano, yaliyojaa kwenye vibaraza vya nyumba kuanzia Tanga hadi Mtwara, asili yake Madagaska. Watafiti wa Kanada miaka ya 1950 walikuwa wanayachunguza wakitafuta dawa ya kisukari, wakashangaa chembe nyeupe za panya zinashuka. Ndipo vinblastine ikapatikana, na vincristine ikafuata. Paclitaxel, dawa nyingine ya kemo, nayo ilitolewa kwenye gome la mti wa Marekani.

Lakini angalia kipimo. Vincristine kwa mtu mzima mara nyingi haizidi miligramu 2 kwa dozi, na ikizidi inaua mishipa ya fahamu. Kupata hizo miligramu kunahitaji majani mengi mno na maabara ya kutenga kiini chake. Mtu akichemsha maua ya uani akanywa, hapati tiba ya saratani, anapata sumu isiyo na kipimo. Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba mti ni dawa, na ndiyo maana naona ustahili kupimwa kama dawa. Muhimbili wana Taasisi ya Tiba Asili kwa kazi hiyohiyo. Ningefurahi waganga wenzako mngepeleka miti yenu huko ikachunguzwa, jina lenu likabaki.

Kisiki

Hapo nimekuelewa. Nami niseme la kwangu kwa waganga wenzangu wanaosoma hapa: mgonjwa akija na faili la kemo, mimi simpi dawa ya kunywa. Nampa la kupaka miguu, namshauri chakula, namwambia amalize dozi zake. Wapo wenzetu wanaomwambia mgonjwa aache hospitali. Wanatuharibia jina na wanaua watu.

MfamasiaZamu

Mungu akubariki mzee. Hilo la kuacha hospitali lina takwimu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwalinganisha wagonjwa waliochagua tiba mbadala peke yake na waliopata tiba ya kawaida, saratani zikiwa bado hazijasambaa. Hatari ya kufa kwa walioacha hospitali ilikuwa mara mbili na nusu. Kwa saratani ya titi ilizidi mara tano. Na sisi wenyewe tunakumbuka Samunge, Loliondo, 2011. Foleni za magari kilomita na kilomita, kikombe cha dawa ya mti ya yule Babu shilingi 500, na baadhi ya watu waliacha dawa zao za hospitali wakiamini yamekwisha.

Jitihada_88

Vipi majani ya mstafeli? Huku kila kundi la WhatsApp linasema yanashinda kemo mara elfu kumi. Shangazi anakunywa lita nzima kila siku.

MfamasiaZamu

Shangazi aache, tafadhali, na mwambieni daktari kwamba alikuwa anakunywa. Hiyo "mara elfu kumi" inatokana na chembe za saratani kwenye sahani ya maabara. Kwenye sahani hata sabuni inaua saratani. Hakuna jaribio la maana kwa binadamu lililoonyesha mstafeli unatibu. Upande wa madhara, kule Guadeloupe visiwa vya Karibiani, ambako watu hunywa chai ya majani hayo na kula tunda lake kwa wingi, mwaka 1999 madaktari waliripoti wagonjwa wengi wenye ugonjwa unaofanana na Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, na wakahusisha na mimea hii. Ina kiambata kiitwacho annonasini kinachoumiza chembe za ubongo. Sasa changanya hiyo na paclitaxel, ambayo yenyewe tayari inamtia mgonjwa ganzi vidole. Kula stafeli moja moja kama tunda si tatizo. Lita kila siku ni tatizo.

BinAmani

Mimi ni mgonjwa mwenyewe, kemo ya utumbo. Nataka niwaambie watu wa hospitali kwa nini tunaficha. Siku moja nilimwambia muuguzi kwamba nakunywa habasoda na manjano. Alinifokea mbele ya wagonjwa wote kwenye benchi, akasema "basi nenda ukatibiwe na hao waliokupa." Tangu hapo sikusema tena kitu. Hospitali sitaitaja, sitaki kumharibia mtu kazi. Lakini mjue mtu akishaaibishwa hasemi.

MfamasiaZamu

BinAmani, pole sana, na asante kwa kulisema. Hakupaswa kukufokea, na kwa upande wetu sisi watoa huduma hilo ndilo la kurekebisha kabla ya kuwalaumu wagonjwa. Kama muuguzi wa zamu ni mkali, muombe daktari au mfamasia faragha. Beba chupa au majani yenyewe kwenye mfuko, sema "natumia hiki, kiasi hiki, tangu siku fulani, naomba uandike kwenye faili." Likishaandikwa, hata ukikutana na daktari mwingine atajua.

Kuhusu ulivyotaja. Manjano kwenye mchuzi au pilau, kula kwa raha. Vidonge vya manjano vilivyokolezwa na pilipili manga, hapana. Kwa panya na maabarani kiini cha manjano kimepunguza nguvu ya dawa za kemo cyclophosphamide na doxorubicin dhidi ya saratani ya titi, na Marekani kuna watu walioumia ini kwa hivyo vidonge. Habasoda ina majaribio madogo madogo, baadhi ya Misri kwa watoto, yenye dalili nzuri, lakini ni machache mno kwangu kukuambia kunywa kijiko kila siku. Kidogo kwenye mkate, sawa. Mafuta yake kwa vijiko, simama hadi umuulize daktari, maana yanaweza kushusha sukari na presha. Balungi liache kabisa wakati wa kemo, na juisi yake. Linaziba njia ambayo dawa kadhaa huvunjwa, na chungwa la kawaida halina shida hiyo.

Na kwa kuwa yako ni ya utumbo: mshubiri wa kunywa usiuguse. Unaharisha. Ukiwa kwenye irinotecan, dawa ya kemo ambayo yenyewe inaharisha, unaweza kupoteza maji na potasiamu ukaanguka.

DadaWaWete

Assalaam alaykum. Mimi nina la hina. Dada yangu anameza vidonge vya kemo, capecitabine, viganja na nyayo vimekuwa vyekundu, vinachubuka, akishika sufuria analia. Bibi akampaka hina na anasema anapata ahueni. Je tunamdhuru?

MfamasiaZamu

Waalaykum salaam dada. Hili linanifurahisha kujibu. Uturuki, mwaka 2008, madaktari waliripoti wagonjwa wachache, kama kumi tu, wenye tatizo hilohilo la capecitabine waliopakwa hina, na wengi walipata nafuu. Ni wachache sana kulifanya sheria, ila bibi hakukosea kufikiria hivyo. Masharti: iwe hina ya majani matupu, iliyosagwa nyumbani. Piko usimguse nayo hata tone, ile rangi nyeusi ya kemikali inababua hata ngozi nzima. Kama ngozi imeshapasuka au inatoa maji, msipake kitu, mpelekeni. Daktari anaweza kupunguza dozi au kumpumzisha wiki, na hiyo ndiyo tiba yenyewe. Na apake mafuta mazito mara kwa mara, avae viatu vilegevu, asifue kwa maji ya moto.

Ughaibuni_Koln

Niko Ujerumani, baba yuko Moshi anatibiwa kwa irinotecan. Amekata tamaa, halali, haongei. Huku kuna Johanniskraut (kwa Kiingereza St John's wort) inauzwa madukani kwa ajili ya huzuni, ni mmea tu. Nimtumie na mtu anayekuja mwezi huu?

MfamasiaZamu

Ndugu yangu, usimtumie. Katika miti yote niliyoitaja, huo ndio wenye ushahidi mkali zaidi wa kuharibu kemo, na dawa iliyopimwa ni hiyohiyo ya baba. Uholanzi walipima mwaka 2002: mgonjwa akitumia mmea huo pamoja na irinotecan, kile kiambata kinachoua saratani kilishuka kwenye damu kwa asilimia 42. Fikiria karibu nusu ya dawa inapotea, na mgonjwa anahisi iko sawa. Huzuni ya baba ni ugonjwa wa kutibiwa, zipo dawa za hospitali zinazoweza kuchaguliwa zisigombane na kemo. Mpigie simu daktari wake mwenyewe kama unaweza. Na mpigie baba kila siku hata dakika tano, muulize habari za shamba.

Mchaga_Mpole

Mimi swali fupi. Bangi?

MfamasiaZamu

Fupi pia: vidonge vilivyotengenezwa maabara kwa kuiga kiambata cha bangi viliidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha kemo kilichoshindikana. Kwetu bangi ni kosa la jinai, na kuivuta wakati kinga iko chini kunaingiza vijidudu vya ukungu kwenye mapafu. Kama ondansetron imeshindwa, mwambie daktari akuongezee dexamethasone, au akufikirie olanzapine. Zinapatikana, na zinafanya kazi.

Nyamizi

Dokta, juzi mume wangu alipata homa usiku, siku kama ya kumi baada ya dripu. Mama mkwe akasema tumpige nyungu, mkaratusi na mchaichai, ajifunike blanketi atoe jasho. Nilikataa tukaenda hospitali, wakamlaza wakamchoma antibayotiki. Ukweni wananiona nina kiburi. Nilifanya sawa?

MfamasiaZamu

Nyamizi, inawezekana umemwokoa maisha. Nawaomba wote msome hapa taratibu. Chembe nyeupe kwa kawaida hushuka chini kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya kemo. Wakati huo bakteria wanaoishi utumboni mwake mwenyewe wanaweza kuingia kwenye damu, na dalili pekee inaweza kuwa homa. Hakuna usaha, hakuna uvimbe, kwa sababu askari wa kutengeneza usaha hawapo. Nyuzi joto 38 au zaidi ni dharura, iwe saa nane usiku au sikukuu. Sio nyungu, sio panadol ya kushusha halafu tuone asubuhi. Nyungu inampandisha joto, inamkausha maji, na inakula masaa ambayo antibayotiki ingekuwa imeshaingia mshipani. Kila nyumba yenye mgonjwa wa kemo iwe na kipima joto. Kile cha dijitali cha duka la dawa kinatosha.

Kipindi hichohicho msimpe juisi ya majani mabichi yaliyotwangwa, wala maziwa yasiyochemshwa, wala unga wa mti uliokaa gunia. Ukungu na vijidudu ambavyo wewe mzima huvihisi, kwake ni maradhi. Kwa mama mkwe, mwambie kwa upole kwamba mchaichai wake tunautaka, auweke kwenye chai nyepesi mumeo akisharudi nyumbani. Mshirikishe kwenye kupika. Wazee wakipewa kazi hawaoni wamedharauliwa.

Nyamizi

Nimemsomea jibu hili. Amenyamaza, halafu akauliza apike uji gani. Na je, juisi ya rosela na bitiruti kwa kuongeza damu, ruksa?

MfamasiaZamu

Uji wa ulezi au mtama uliopikwa ukaiva, atie karanga za kusaga na maziwa yaliyochemka, ampe kidogo kidogo mara nyingi, usiwe wa moto sana. Akilalamika kijiko kinamnukia chuma mdomoni, mpe cha plastiki au cha mbao.

Rosela ichemshwe, bitiruti iive, kikombe kimoja kwa siku ni chakula kizuri tu, pamoja na matembele na dagaa. Ila elewa kwamba damu inapungua kwa sababu uboho umechapwa na kemo, mara nyingi si kwa kukosa madini ya chuma. Kwa hiyo msinunue vidonge vya kuongeza damu bila kipimo. Damu ikishuka sana ataongezewa hospitalini. Na bitiruti inaweza kugeuza mkojo kuwa mwekundu, kama ile dawa nyekundu inavyofanya siku ya kwanza na ya pili, msishtuke. Mkojo mwekundu unaokuja siku za baadaye, wenye maumivu au mabonge, hasa kwa anayetumia cyclophosphamide, huo ni damu. Mpelekeni siku hiyohiyo, na wakati wote wa dozi hiyo anywe maji mengi kadiri anavyoweza.